Maoni ya Kuazima

Wazee wengine, binti akiletewa mchumba, huuliza kazi, tabia na ukoo. Baba yake Fundi Meno, binti wa kutengeneza meno ya bandia, aliuliza sinema. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika chumba kidogo cha juu, nyuma ya ukumbi wa sinema, akiendesha projekta, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akizima taa picha ikitaka kuanza, mji mzima ulimwita Bwana Taa. Ukumbi ulipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, alirudi nyumbani na viti viwili vyekundu vya ukumbini, akavikaza kwenye ubao sebuleni, kimoja chake, kimoja cha binti yake. Tangu siku hiyo maoni yake, ambayo zamani yalikuwa yakimezwa na ngurumo ya mashine, yalipata pa kutokea.

Na yalikuwa maoni kweli kweli. Filamu inayozidi saa tatu, alisema, imetengenezwa na mtu asiye na rafiki wa kumwambia basi. Filamu yenye sauti inayosimulia kile ambacho macho yanaona ni sawa na mgeni anayetoa mzaha kisha anaufafanua. Wapenzi wanaongoja mvua inyeshe ndipo waombane msamaha aliwaita wazembe. Na ukimwambia filamu fulani "si mbaya", alikutazama kana kwamba umemwambia kwamba mtoto wake si mbaya.

Mchumba wa kwanza kuletwa nyumbani pale, mhasibu mmoja mwenye adabu na viatu vya kung'aa, alianguka kwenye swali la kwanza. Aliulizwa anapenda filamu gani, akajibu kwamba kwake zote ni zilezile, watu wanapigana halafu wanaoana. Bwana Taa alimshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mhasibu hakurudi, na kwa kusema ukweli, Fundi Meno hakumlilia.

Lakini huyu wa sasa angemlilia. Walijuana mwaka uliopita, lifti ya jengo analofanyia kazi Fundi Meno ilipoharibika, naye akawa anapanda ngazi amebeba sinia la mataya ya plasta. Kijana mmoja mrefu, mikono myeusi kwa grisi, alitokeza kichwa kwenye tundu la lifti akauliza, "Dada, hayo ni ya kwako yote?" Akacheka kicheko kinachoanzia puani. Wiki ile ile walikwenda sinema. Wiki iliyofuata walikwenda tena. Na kila walipotoka ukumbini, Fundi Meno akimwaga maoni yake kama kawaida yake, mikono hewani, Fundi Lifti aliitikia kwa kichwa na kusema, "Kweli kabisa." Fundi Meno alikuwa amelelewa na mtu asiyekubali neno hata akikabwa. Kupata mwanamume anayeona kama anavyoona yeye kulimlewesha.

Basi Ijumaa moja, siku mbili kabla ya Fundi Lifti kupelekwa nyumbani kwa Bwana Taa, walikuwa karakanani kwa Fundi Meno saa ya mapumziko. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kuinamisha, na rafu ya meno ya bandia yakisubiri wenyewe. Fundi Meno alikuwa akichonga jino la nta huku akiuliza, na Fundi Lifti amekaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kifuani.

"Akikuuliza *Mfalme Asiyelala*, utasema nini?"

"Nitasema ni filamu nzuri."

"Usiseme nzuri! Kwa baba, nzuri ni tusi. Sema kwa nini."

"Kwa nini?"

Fundi Meno aliinua macho. "Wewe si ulikubali mwenyewe tulipotoka? Lile jambo la meno."

"Ahaa. Meno." Fundi Lifti alijikuna shingo. "Ndiyo, meno. Meupe mno."

"Na *Mwizi wa Madirisha*?"

"Muziki," alisema haraka, kama mwanafunzi aliyebahatisha swali analolijua. "Muziki unakuambia ulie kabla hujajua sababu."

"Umeona? Huhitaji kufundishwa. Sema tu unachokiona, maana tunaona sawa." Alipuliza unga wa nta vidoleni. "Na akikuuliza tutakaa wapi?"

"Nitasema karibu."

"Ile kazi ya kule umeshawajibu?"

Ile kazi ya kule ilikuwa katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Kampuni yake ilikuwa ikifungua tawi na ilimtaka awe msimamizi wa mafundi wote. Alipomletea Fundi Meno habari hiyo, Fundi Meno alimwambia hawezi kumwacha baba yake peke yake tangu mama alipofariki, na Fundi Lifti alisema sawa, tutabaki. Alisema upesi na kwa upole, na Fundi Meno alimpenda zaidi kwa sababu ya sawa ile.

"Nitawajibu Jumatatu," alisema sasa, na akageukia rafu kutazama meno ya watu.

*

Jumapili mchana, jua likiwa limekaa dirishani, Fundi Lifti aliingia sebuleni kwa Bwana Taa amevaa shati la samawati alilochaguliwa na Fundi Meno. Alipewa kiti cha kawaida, akitazamana na vile viti viwili vyekundu. Pembeni alikaa shangazi, dada mkubwa wa Bwana Taa, muuguzi mstaafu mwenye mdomo usiostaafu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu shangazi, akimpima kutoka unyweleni hadi kisiginoni. "Kwa hiyo wewe ndiye unayening'inia kwenye makamba. Na kamba ikikatika?"

"Kuna breki, shangazi."

"Na breki ikikatika?"

"Dada," alisema Bwana Taa, "mwache mgeni apumue." Kisha akakunja mikono tumboni, akavuta pumzi, na Fundi Meno akajua saa imefika. "Kijana. Nasikia unapenda sinema."

"Kiasi, mzee."

"*Mfalme Asiyelala* umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi."

Katika nyumba ile, "basi" maana yake ilikuwa sema, nakusikiliza. Fundi Lifti aliweka mikono magotini. "Mfalme yule nilishindwa kumwamini, mzee. Meno yake ni meupe mno, tena yamelingana. Mtu wa zama zile, anang'ata nyama ya kuchoma vitani, anapigwa ngao usoni, halafu hana hata jino moja lililomeguka? Na ile chonge ya kushoto si yake. Imewekwa."

Fundi Meno alitabasamu akitazama sakafu. Alikuwa ameisema vizuri. Bwana Taa aliendelea.

"*Mwizi wa Madirisha*?"

"Nusu ya kwanza ina akili. Nusu ya pili mwizi anapenda, akili inamtoka, na muziki unakuambia ulie kabla hujajua sababu."

"Hm. Na zile filamu za mapolisi wawili, mmoja mpole na mmoja mkali?"

"Mkali ndiye mwenye huruma, mzee. Ukiona mkali dakika ya kwanza, mwisho atakufa akimwokoa mpole. Ni heri wangebadilishana angalau mara moja."

Bwana Taa aliinama mbele polepole. "Wewe unatengeneza lifti."

"Ndiyo, mzee."

"Uliingia ukumbini. Ukaona jeshi la farasi, majumba yanaungua, mfalme ameshika upanga. Na wewe, fundi wa lifti, ukatazama chonge ya kushoto?"

Shangazi alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa.

"Kiti hicho hapo," Bwana Taa alinyoosha kidole kwenye kiti chekundu cha binti yake, "alikaa huyu, akasema chonge hiyo hiyo, ya kushoto hiyo hiyo. Tukanuniana juma zima. La muziki kumwambia mtu alie alilisema akiwa bado anavaa sare ya shule. La mapolisi alilisema nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata. Kijana, nilikualika wewe. Mbona nimeletewa binti yangu mwenye masharubu?"

Shangazi sasa alicheka waziwazi, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Fundi Meno hakucheka. Alikuwa akimtazama Fundi Lifti, akingoja aseme, "Hapana, mzee, ni yangu pia, sisi tunaona sawa." Fundi Lifti hakusema hivyo. Alikuwa akitazama vidole vyake.

"Nipe moja ya kwako," alisema Bwana Taa, sasa kwa sauti ya upole. "Moja tu. Hata iwe ya kijinga. Sitakufukuza kwa ujinga wako, nitakufukuza kwa akili ya kuazima."

Kisha Fundi Lifti aliinua uso. Kwanza alimtazama Fundi Meno, tena kwa muda, kama mtu anayeaga. Halafu akamgeukia baba.

"*Mke wa Mpiga Kengele*," alisema. "Siipendi."

Hata shangazi aliacha kucheka. Katika nyumba ile filamu hiyo haikujadiliwa, ilililiwa tu. Mpiga kengele anakwenda kutafuta kazi ng'ambo ya milima, anamwambia mkewe akisikia kengele ajue amerudi. Mke anangoja ujana wake wote. Mwishoni kengele inalia, anafungua mlango, na ukumbi mzima unatoa leso.

"Huipendi," alirudia Bwana Taa.

"Ilinikasirisha, mzee. Mume anaamua kuondoka. Mume anaamua lini arudi. Mke kazi yake ni kungoja, na watu wanalia kwa furaha kwa sababu amengoja vizuri. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Mumewe hakumuuliza, mama mkwe hakumuuliza, hata aliyeitengeneza filamu hakumuuliza. Mimi ningependa kengele ilie, mume afike, akute mlango umefungwa. Akae nje kidogo. Aonje."

"Unajua filamu hiyo niliionyesha mara ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Hata mimi sijui." Bwana Taa aliegemea nyuma. "Umekosea. Umekosea kuanzia mwanzo hadi mwisho."

Lakini uso wake ulikuwa umechangamka, macho yamefunguka, kama wakati ule anapopata mtu wa kubishana naye. Fundi Meno aliuona uso huo na hakuujali. Yeye filamu ile alikuwa ameililia begani kwa mwanamume huyu. Alikuwa amelowesha shati lake, naye akampa leso na kumwambia, "Hata mimi."

Aliinuka. "Njoo nje," alimwambia.

*

Ngazi za nyumba zilishuka hadi uani, ambako jirani mmoja alikuwa akianika nguo. Jirani alipowaona wametoka, ghafla nguo zake zikahitaji kunyooshwa moja moja.

"*Mfalme Asiyelala*," alisema Fundi Meno. "Tulipotoka ukumbini ulisema nini?"

"Nilisema meno."

"Meno nilisema mimi! Wewe ulisema nini?"

"Nilisema kweli kabisa."

"*Mwizi wa Madirisha*?"

"Nililala."

"Ulilala?"

"Si yote. Anapoiba dirisha la kwanza nilikuwa macho."

Kicheko kilimpanda Fundi Meno kooni bila ridhaa yake, akakimeza, na kukimeza kukamwongezea hasira. "Na nilipokuwa nalia? Uliniambia hata wewe."

"Ulikuwa unalia! Ningefanyaje? Nikwambie futa machozi, filamu yenyewe mbovu?"

"Ndiyo!"

"Nani anafanya hivyo?"

"Baba yangu! Kila Jumapili!"

Jirani aliangusha kibanio. Fundi Lifti alishusha sauti. "Siku ya kwanza nilitaka tu kukaa karibu nawe."

"Usinipe maneno ya sinema."

"Sinema siijui, nitakupaje maneno yake?" Alijishika kichwa. "Sikiliza. Ulitoka ukumbini unaongea, unang'aa. Nikaona nikisema sikuelewa kitu, utaniona mjinga, hutakuja tena. Nikasema kweli kabisa. Ukafurahi. Juma lililofuata ningesemaje, kwamba lile la kwanza lilikuwa la uongo? Uongo ukishaupa kiti hauinuki wenyewe. Kila juma nilisema leo nitamwambia, na kila juma ulikuwa umefurahi zaidi."

"Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nikitoka na mwangwi wangu."

Fundi Meno alishika ukingo wa ngazi. Alihisi aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyejisifia vazi kumbe limechanika nyuma. Alikuwa amewaambia wenzake kazini kwamba amepata mtu wa roho moja naye. Sasa alijiuliza roho ya huyu bwana ilikuwa wapi siku zote hizo, na ilikuwa ikitaka nini. Ndipo wazo lingine likamjia, baridi kuliko la kwanza.

"Ile kazi," alisema. "Nilipokwambia tusihame, ukasema sawa. Sawa ile ilikuwa ya namna gani?"

Fundi Lifti alitazama uani, akatazama shati lake, akamtazama yeye.

"Ya *Mwizi wa Madirisha*," alisema.

Fundi Meno alikaa kwenye ngazi.

"Unaitaka."

"Naitaka sana. Tangu nianze kazi hii nimekuwa mtu wa kushikiwa tochi au kushika tochi. Kule nitafundisha watu. Nilipopata habari sikulala kwa furaha, nikaja kukwambia, na kabla sijamaliza ulikuwa umeshasema baba."

"Kwa hiyo Jumatatu ungeikataa. Tungeoana. Kila asubuhi ungeamka na kinyongo chako, ukanywa chai nacho, na mimi nisijue."

"Ningezoea."

"Wewe ungezoea! Mimi nisichokijua ningekizoea vipi? Mpaka lini? Mpaka siku moja ulipuke kwa ajili ya kijiko?" Machozi yalimjaa, akayaacha. "Nilidhani unanipenda kwa sababu unakubaliana nami. Kumbe unaniogopa tu."

Hilo lilimchoma. Alishuka ngazi mbili, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane.

"Sasa nisikilize, maana nikinyamaza tena sitasema," alisema. "Nakupenda. Sinema siipendi. Giza lile na viti vile vinaniumiza mgongo. Ile kazi naitaka, na nataka twende wote. Sipendi unavyoniamulia, hata kama mara nyingi unaamua vizuri. Na shati hili linanibana makwapani tangu asubuhi."

"Mimi sihami," alisema Fundi Meno.

Aliingojea ile sawa. Hata mwili wake uliingojea, kama mguu unavyongoja ngazi ya mwisho. Fundi Lifti alitikisa kichwa.

"Hapana. Hilo sikubali. Hatujalizungumza bado."

Fundi Meno alimtazama. Aliona paji la uso lililokunjamana, taya lililokaza, mishipa ya shingo. Mtu wa namna hii Fundi Meno hakuwa amemwona kabla. Alikuwa amemkasirikia kiasi cha kutaka kumsukuma ashuke ngazi zote kwa mgongo, na papo hapo moyo ulimwenda mbio kuliko ulivyowahi kumwenda mbio katika ukumbi wowote. Alimpenda. Lilikuwa jambo la kuudhi sana, kumpenda mtu saa ile ile unayogundua kwamba humjui.

"Kwa nini huhami?" aliuliza Fundi Lifti.

"Nilishakwambia. Baba."

"Amekukataza?"

"Hana haja ya kunikataza. Yuko peke yake. Najua anavyoona."

"Umemuuliza?"

Fundi Meno aligeuka akautazama mlango wa sebule. Fundi Lifti hakumshinikiza. Aliketi ngazi ya chini, akafungua kifungo cha juu cha shati, na akangoja.

*

Sebuleni shangazi alikuwa ameshatoa hukumu. "Njia ya mwongo ni fupi," alikuwa akimwambia mdogo wake. "Leo kakuongopea sinema, kesho ataongopea mshahara."

"Aliyekiri mbele ya baba mkwe si mwongo, dada, ni mwendawazimu," alijibu Bwana Taa. "Wewe ulimsikia alivyomsema mpiga kengele? Katika nyumba yangu!"

Fundi Meno aliingia, akasimama katikati. Alikusudia kuanza kwa mbali, azunguke kidogo kama adabu inavyotaka, lakini maneno yalitoka mazima.

"Baba, yule amepewa kazi mji mwingine. Anataka twende wote. Nilimwambia sitakwenda kwa sababu yako. Sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Unataka nibaki?"

Shangazi alifungua mdomo. Bwana Taa aliinua kiganja bila kumtazama, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, shangazi akanyamaza.

"Nataka ubaki," alisema Bwana Taa.

"Nataka sana," aliendelea baba yake. "Nisikufiche, umeshafichwa vya kutosha leo. Ukiondoka, hicho kiti nitakiwekea magazeti. Nitabaki kubishana na televisheni, na televisheni haijibu. Asubuhi nitachemsha chai ya watu wawili nimwage moja. Ukiniuliza ninachotaka, nataka ubaki hapa mpaka nife." Alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa chafu. "Haya. Umeuliza maoni yangu, nimekupa. Tangu lini wewe ukafuata maoni yangu?"

"Baba..."

"Niambie filamu moja. Moja tu tuliyowahi kutoka tukiwa na neno moja, ukiacha ya kengele."

Fundi Meno alikuwa akilia sasa, pua na macho, bila muziki wowote kumwongoza.

"Wewe je?" aliuliza Bwana Taa. "Wewe unataka nini?"

Lilikuwa swali dogo na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata yeye hakuwa amejiuliza, maana jibu la baba lilikuwa limesimama mlangoni siku zote, na hakuona haja ya kuchungulia nyuma yake. Alichungulia sasa. Aliona karakana nyingine, dirisha jingine, mtu mrefu anarudi jioni amechoka na kumwambia, hapana, sikubali. Watu wana meno kila mji.

"Nataka kwenda," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Nataka kwenda naye, baba. Na naogopa."

"Kuogopa ni sawa. Mama yako aliogopa kuhamia chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa sinema." Bwana Taa alirudisha miwani. "Basi nenda. Utakuwa ukinipigia simu tugombane."

"Na mimi je?" alisema shangazi. "Mimi hakuna anayeniuliza?"

"Dada, wewe uliwahi kungoja kuulizwa?" Bwana Taa alipaza sauti kuelekea mlangoni. "Kijana! Acha kukaa kwenye ngazi kama mdai, ingia ndani!"

Fundi Lifti aliingia, kifungo wazi, uso wa mtu anayekuja kusomewa hukumu. Alimwona Fundi Meno na machozi yake, akasita. Fundi Meno alimwitikia kwa kichwa, ndiyo, na kwa kuwa hakuamini kwamba inatosha, akasema kwa sauti, "Tunakwenda wote. Nimechagua mwenyewe. Usidhani umenishinda."

Fundi Lifti alisimama tu na mikono yake mikubwa, akiwa hajui aiweke wapi, na macho yakamlowa mbele ya wazee bila kujificha.

"Huo mji," alisema Bwana Taa, "una ukumbi wa sinema?"

"Sijui, mzee. Sikuwahi kuuliza."

"Kaulize. Siwezi kumtoa binti yangu aende mahali pasipo na skrini. Ukishapata jibu, urudi hapa na wazee wako, na uwaambie waje wamekula vizuri, maana tutakaa. Kuhusu mpiga kengele umekosea, na jambo hilo sitaliacha lipite."

"Sijakosea, mzee," alisema Fundi Lifti.

Shangazi alijishika kichwa. Bwana Taa alisogea mbele kwenye kiti chake, akakunja mikono ya shati. Na Fundi Meno, machozi bado mashavuni, alicheka mpaka ikambidi akae sakafuni.